Sura ya Sita: Barua Yako Inalala Wapi?

Swali huja namna moja kila mara. Mtu amekaa mbele ya kompyuta ya ofisini, kivinjari kiko wazi, barua pepe zake zimepangika mbele ya macho, na hajalipa hata senti. Anageuka na kuuliza: "Sasa mwalimu, hii Outlook ya nini? Si naingia tu Gmail, nasoma, natoka?" Na kama kijana wa kompyuta ameshamtajia Thunderbird, huongeza la pili: "Haya, kama ni lazima niweke programu, ipi iliyo bora?"

Wauzaji na mafundi hulipenda swali la pili kwa sababu lina jibu la jedwali: safu ya majina huku, safu ya alama za vema kule. Lakini jedwali hilo huchosha bila kusaidia. Karibu kila programu ya barua pepe ya leo hupokea, hutuma, hupanga kwenye folda, hutafuta na huweka saini chini ya barua. Ukihesabu vema, zote zimefaulu. Zinapoachana ni mahali pawili ambapo muuzaji hapataji: barua yako inalala wapi, na siku ukitaka kuhama utatoka nayo vipi. Tutayachukua maswali hayo mawili kwa zamu, na tukifika mwisho utaweza kuchagua mwenyewe.

## Sanduku, ufunguo na tarishi

Wengi wetu tumekulia kwenye anwani za S.L.P. Hatukuletewa barua mlangoni. Barua ilifika posta, ikaingizwa kwenye kisanduku chenye namba, na mwenye ufunguo akaenda kuitoa. Mara nyingi hata sanduku lenyewe halikuwa letu. Lilikuwa la shule, la parokia, la duka la Mhindi wa jirani au la mwajiri wa baba. Kwetu lilikuwa la mwajiri wa baba. Kumbuka jambo hilo, tutalirudia mwishoni.

Barua pepe haijaondoka mbali na utaratibu huo. Seva, yaani kompyuta inayowaka usiku na mchana ikipokea barua kwa niaba yako, ndiyo posta. Akaunti yako ni sanduku, na nywila ni ufunguo. Unaposoma barua kwenye kivinjari, umekwenda posta mwenyewe: umesimama kaunta, umesoma, umeondoka, na barua umeziacha palepale. Programu ya barua pepe iliyosakinishwa kwenye kompyuta ni tarishi. Unampa ufunguo, anakwenda badala yako, anakuletea barua mezani.

Kila tarishi hufuata itifaki, yaani makubaliano ya namna kompyuta mbili zitakavyozungumza. Zipo tatu unazopaswa kuzijua, kwa sababu utakutana na majina yake siku ya kuweka programu.

- POP. Jina lake limetokana na posta yenyewe. Ilianza mwaka 1984, na toleo linalotumika hadi leo, POP3, ni la mwaka 1988. Kwa desturi yake ya asili tarishi wa POP huchukua barua, huzileta nyumbani, na huacha sanduku tupu.
- IMAP. Ilibuniwa na Mark Crispin katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1986. Tarishi wa IMAP huacha barua halisi posta na kukuletea nakala. Ukiisoma, ukiihamisha au ukiifuta nakala hiyo, hurudi posta na kuifanyia barua halisi vilevile.
- SMTP. Hii ni ya mwaka 1982, na kazi yake ni kupeleka barua unazotuma.

POP na IMAP kila moja ina mtego wake, na nimeona watu wakinaswa na yote miwili.

Ofisi moja niliyowahi kufanyia kazi ilikuwa na kompyuta karibu na dirisha, na barua zote za ofisi zilishukia humo kwa POP. Jioni moja ya masika umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, na diski haikuamka tena. Tulipoingia kwenye seva tukakuta kikasha cheupe kama sahani iliyooshwa. Tarishi alikuwa amechukua kila kitu kwa miaka yote ile, sawasawa na alivyoagizwa. Tiki moja kwenye mpangilio, ile ya kuacha nakala kwenye seva, ingetuokoa.

Mtego wa IMAP ni wa upande wa pili. Simu imejaa, mwenyewe anafuta barua elfu mbili ili apate nafasi ya picha za harusi, akiamini kwamba kompyuta ya ofisini inazo. Anafika kazini asubuhi, na huko nako zimefutika. Nakala ya IMAP ni kivuli cha barua. Barua ikiondoka, kivuli nacho kinaondoka.

Kwa ufupi: POP inahamisha barua, IMAP inaakisi barua. Kwa mtu mwenye simu na kompyuta, IMAP ndiyo inayofaa. Lakini IMAP peke yake si akiba. Akiba ni nakala ya tatu, mahali ambapo tarishi hafiki.

## Siku nyaya zilipokatika

Turudi kwa yule aliyeuliza Outlook ya nini. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za baharini zinazoleta intaneti pwani yetu, EASSy na SEACOM, zilikatika. Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania zote ziliguswa, mahali pengine kwa kasi ya konokono, mahali pengine kwa ukimya kabisa. Jumatatu asubuhi maofisi yalifunguliwa kama kawaida.

Fikiria mawakala wawili wa kutoa mizigo bandarini Dar es Salaam. Wa kwanza anasoma barua kwenye kivinjari. Anabonyeza, kiduara kinazunguka. Hati ya shehena ya mteja wake imo kwenye kiambatisho cha barua ya wiki iliyopita, lakini barua iko posta na barabara ya posta imekatika. Wa pili ana tarishi. Barua zake ziko kwenye diski ya kompyuta. Anafungua hati, anaichapisha, anaandika majibu saba na kuyaacha kwenye folda ya zinazosubiri kutumwa. Mtandao ukipumua kidogo tu, majibu yanaondoka yenyewe.

Gmail nayo ina njia ya kusoma bila mtandao, kwa kivinjari cha Chrome. Lakini ni lazima uwe umeiwasha kabla ya balaa, na hubeba barua za siku zisizozidi 90. Hati ya mwaka jana haimo.

Sababu nyingine ni za kila siku zaidi:

1. Bando. Kivinjari hupakua upya sehemu ya ukurasa kila unapoingia. Tarishi huileta barua mara moja, na ukiisoma mara kumi bando haliliwi tena. Katika Thunderbird unaweza hata kumwagiza asilete barua zinazozidi ukubwa fulani mpaka umwambie.
2. Masanduku mengi. Barua ya kazini, ya biashara ya pembeni, ya chama cha kuweka na kukopa. Tarishi mmoja huzunguka posta zote tatu.
3. Kumbukumbu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa wafanyabiashara wengi leo barua pepe ndiyo daftari: bei ilikubaliwa lini, nani alithibitisha, mzigo uliondoka siku gani.

Na kuna watu wasiohitaji programu hata kidogo. Kama una akaunti moja, unapokea barua tano kwa wiki, na nyingi ni za benki kukutakia siku njema ya kuzaliwa, baki na simu na kivinjari. Sura inayofuata itakufaa zaidi.

## Matarishi wenyewe

### Outlook, majina pacha

Kabla ya yote tuondoe mkanganyiko. Leo kuna Outlook mbili za Windows zenye jina moja na tabia mbili.

Ya zamani, inayoitwa Outlook ya kawaida, ilizaliwa Januari 1997 pamoja na Office 97. Nguvu yake haiko kwenye barua, iko kwenye kalenda. Mahali pa kazi panapotumia Exchange, yaani seva ya Microsoft inayohifadhi kwa pamoja barua, kalenda na majina ya watu, Outlook hukuonyesha nani yuko huru saa nne, hutuma mwaliko wa kikao, na huruhusu watu watatu kuhudumia sanduku moja la ofisi bila kukanyagana. Katibu muhtasi anayepanga ratiba ya mkurugenzi hataipata raha hiyo kirahisi kwingine.

Barua za akaunti ya POP, na zile unazozihifadhi pembeni, hulala ndani ya faili moja kubwa la aina ya PST. Hapa ndipo maofisi mengi yalilia. Mpaka toleo la 2002 faili hilo halikuruhusiwa kuzidi gigabaiti 2, na lilipofika hapo liliharibika au kugoma kufunguka. Toleo la 2003 lilileta muundo mpya, na tangu toleo la 2010 kikomo cha kawaida ni gigabaiti 50. Kama bado unatunza mafaili ya PST ya zamani kwenye diski ya akiba, yakague ukubwa leo.

Outlook mpya ni kitu kingine. Huja na Windows 11 bila malipo, na imechukua nafasi ya programu ndogo ya Mail ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2024. Ni nyepesi machoni na rahisi kuanza. Mambo matatu uyajue kabla hujaipa ufunguo. Kwanza, asiyelipia huona matangazo katikati ya barua zake. Pili, haikubali zile nyongeza za zamani zilizounganisha Outlook na programu za uhasibu au za kutunza nyaraka. Tatu, ukiiunganisha na akaunti ya Gmail au ya kampuni yako, tarishi huyu haendi posta moja kwa moja. Barua hupitia kwenye mitambo ya Microsoft na nakala yake hukaa huko. Kwa mtu binafsi huenda si neno. Kwa wakili, daktari au mhasibu anayetunza siri za watu, ni jambo la kuulizia kabla ya kubonyeza "kubali".

### Thunderbird

Toleo lake la kwanza kamili lilitoka tarehe 7 Desemba 2004, kutoka kwa Mozilla, wale wale wa kivinjari cha Firefox. Mwaka 2012 Mozilla wakatangaza kwamba hawatamwaga tena nguvu nyingi huko, na wengi wakaandaa matanga. Watu wa kujitolea wakaishikilia, michango ya watumiaji ikaitunza, na mwaka 2020 ikapewa kampuni yake, MZLA Technologies, chini ya Mozilla Foundation. Julai 2023 likatoka toleo la 115 lenye sura mpya. Mgonjwa aliamka.

Ni programu huria, maana yake mtu yeyote anaweza kuusoma msimbo wake na kuona inafanya nini na ufunguo wako. Ni ya bure, na hufanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Kalenda imo ndani. Tangu toleo la 78 la mwaka 2020 imo pia OpenPGP, njia ya kuifunga barua kiasi kwamba hata mwenye posta haisomi, ila yule tu mwenye ufunguo wa kuifungulia.

Udhaifu wake wa miaka mingi ulikuwa Exchange: haikuweza kuzungumza nayo bila nyongeza ya mtu mwingine. Uwezo huo umeanza kuingizwa hivi karibuni, ukianza na barua kabla ya kalenda. Kama kazini mnaishi kwa mialiko ya vikao, bado utaona pengo.

Jambo moja huwasumbua wageni. Thunderbird huweka barua zote za folda moja ndani ya faili moja la aina ya mbox. Ukifuta barua, haiondoki papo hapo. Huwekewa alama tu, kama jina lililokatwa kwa wino kwenye daftari, lakini karatasi bado ni ile ile. Nafasi hurudi pale folda inapobanwa. Programu yenyewe hupendekeza kubana. Usiikatalie kila siku, halafu ukalalamika diski imejaa.

### Wengine watatu

Apple Mail huja na kila kompyuta ya Mac, na haina toleo la Windows. Ni tulivu, haina madoido. Tangu mwaka 2021 ina kinga dhidi ya picha za upelelezi, tutakazozieleza punde.

eM Client inatoka Ucheki, na huenda kwenye Windows na Mac. Inafanana na Outlook ya kawaida kiasi cha kumfariji aliyeizoea, ina kalenda nzuri, na ina toleo la bure kwa matumizi binafsi lenye kikomo cha akaunti. Biashara hulipia.

Evolution ni ya Linux. Ilifika toleo la kwanza kamili mwaka 2001, na ikiongezewa kiunganishi chake huzungumza na Exchange vizuri. Shule au taasisi iliyohamia Linux kukwepa gharama za leseni inaweza kuanzia hapa.

Kwa ufupi: Outlook ya kawaida kwa ofisi inayoishi kwa kalenda. Thunderbird kwa anayetaka kumiliki barua zake bila kulipa. Apple Mail kwa mwenye Mac asiyetaka shughuli. eM Client kwa anayetaka sura ya Outlook bila Office. Evolution kwa wa Linux. Outlook mpya kwa anayetaka kuanza leo na ambaye masharti yake hayamtii wasiwasi.

## Mambo manne yanayoonekana baada ya mwezi

Siku ya kwanza matarishi wote wana adabu. Tabia huonekana baada ya mwezi.

Kutafuta. Outlook inapotumika na Exchange huwa na kipimo cha kuamua barua za muda gani zishushwe kwenye kompyuta, mathalani miezi 12. Ukiwa nje ya mtandao, barua ya miaka mitatu nyuma haitaonekana, nawe utaapa kwamba imefutwa. Haijafutwa, iko posta. Thunderbird nayo inaweza kuagizwa ishushe za siku chache tu. Kabla hujamlaumu mtu, angalia kipimo.

Vichujio. Kichujio ni agizo la kudumu: barua zote za mamlaka ya mapato ziingie folda hii, risiti za umeme ile. Swali la maana ni nani anachuja. Kichujio cha Thunderbird hufanya kazi pale kompyuta inapokuwa imewashwa. Ukiifunga Ijumaa jioni, mwishoni mwa juma simu yako itaonyesha barua zote zikiwa zimerundikana. Kichujio kilichowekwa kwenye seva hakilali. Kwa hiyo agizo muhimu liweke posta, lile dogo mpe tarishi.

Picha za upelelezi. Barua nyingi za matangazo huficha picha ndogo kama punje ya mchanga. Ukifungua barua, picha huitwa kutoka kwa mtumaji, naye hujua kwamba umesoma, saa ngapi, na takriban uko wapi. Thunderbird na Outlook ya kawaida huzuia picha za nje mpaka uruhusu. Apple Mail huziita zote kupitia njia ya pembeni ili mtumaji asipate la kujifunza. Kuzuia kuna faida ya pili ambayo wenzetu wa Ulaya hawaifikirii sana: kunaokoa bando.

Kufuli jipya. Hili limewakwamisha wengi wanaotumia Office ya 2007 au 2010, ile iliyochakachuliwa na fundi wa mtaani. Zamani tarishi alibeba nywila yenyewe. Tangu tarehe 30 Mei 2022 Google imekataa programu zinazoingia kwa nywila tupu kwenye akaunti za watu binafsi. Microsoft ilianza kufunga mlango huo kwa wateja wa Exchange Oktoba 2022. Sasa programu inapaswa kufungua ukurasa wa Google au Microsoft, wewe uingie hapo, nayo ipewe kibali badala ya nywila. Njia hiyo inaitwa OAuth. Ni kama kumpa tarishi barua ya utambulisho badala ya ufunguo wa nyumba: ukimfukuza kazi unafuta barua, kitasa hakibadilishwi. Programu ya zamani haijui kuomba kibali hicho, ndiyo maana inakuuliza nywila mara mia na kuikataa mara mia. Fundi hawezi kuirekebisha kwa kuiweka upya. Inahitaji kustaafu.

Na la nyongeza kwa wanaotuma mafaili mazito: Gmail hukubali barua ya hadi megabaiti 25, lakini faili la megabaiti 20 linaweza kukataliwa. Sababu ni kwamba kiambatisho hugeuzwa kuwa herufi za kawaida kabla ya kusafiri, na mgeuzo huo huongeza uzito wake kwa takriban theluthi moja. Hesabu megabaiti 18 kuwa ndiyo mwisho wako.

## Makaburi ya programu

Sasa swali la pili: utatoka vipi? Watu hudhani programu waliyoizoea itakuwepo daima. Tupite makaburini kidogo.

Mwaka 1988 Steve Dorner, katika Chuo Kikuu cha Illinois, aliandika programu akaiita Eudora, kwa heshima ya mwandishi Eudora Welty aliyekuwa ametunga hadithi ya mtu aliyehamia kuishi posta. Baadaye ikawa mali ya Qualcomm, na miaka ya 1990 ilikuwa kipenzi cha maofisi na vyuo. Mwaka 2006 Qualcomm ikaacha kuiendeleza. Mwaka 2018 msimbo wake uliwekwa hadharani na jumba la makumbusho ya historia ya kompyuta, California. Programu iliyoanza kwa heshima ya posta iliishia makumbusho.

Lakini tazama nini kilitokea kwa barua. Eudora ilitunza barua kwa muundo unaokaribiana na mbox, maandishi yanayosomeka. Mwenye nazo aliweza kuzihamisha, na hata leo anaweza kuzifungua.

Linganisha na mtumiaji wa Windows aliyefuata tu alichopewa. Alianza na Outlook Express, iliyotunza barua kwenye mafaili ya aina yake yenyewe. Ilipokuja Windows Vista mwaka 2007 akapewa Windows Mail. Kisha Windows Live Mail. Kisha Mail. Kisha Outlook mpya. Ndani ya miaka 17 kahamishwa nyumba mara nne, na kila mara vyombo kadhaa hubaki barabarani. Wapo ambao barua zao za mwaka 2003 zimo kwenye mafaili ambayo hakuna programu nyumbani kwao inayoyafungua.

Kwa hiyo kabla hujahamia programu yoyote, kagua mlango wa kutokea. Zoezi hili halizidi nusu saa:

1. Chagua barua kumi, ziwemo zenye viambatisho.
2. Zitoe nje ya programu. Katika Thunderbird na eM Client utapata mafaili ya EML, ambayo ni maandishi ya kawaida yanayofungukia programu nyingi. Apple Mail hutoa folda nzima kwa mbox. Outlook ya kawaida hutoa PST, au mafaili ya MSG ambayo programu nyingine nyingi huhangaika nayo.
3. Zifungue kwenye programu nyingine kabisa. Viambatisho vimo? Tarehe ziko sawa?
4. Kama zimepita, hamia. Kama hazijapita, umejua mapema.

PST si gereza la milele. Microsoft ilichapisha maelezo ya muundo wake mwaka 2010, na zipo zana za kuufungua. Tena, kama programu zote mbili zinajua IMAP, unaweza kuburuta barua kutoka PST hadi folda ya seva na kuzipokea upande wa pili. Lakini kuhama kwa kuburuta barua elfu thelathini kwa bando la wiki ni adhabu ambayo mtu hujiandikia mwenyewe siku ya kwanza.

## Kabla hujabonyeza "sakinisha"

Jibu maswali haya kwa kalamu:

- Sanduku ni la nani, langu au la mwajiri?
- Ninahitaji barua nikiwa sina mtandao, au ni mara chache?
- Kazi yangu inaendeshwa kwa kalenda ya pamoja? Kama ndiyo, wenzangu wanatumia nini?
- Barua zinapita kwa nani kabla ya kunifikia?
- Nakala yangu ya tatu iko wapi, na mara ya mwisho niliigusa lini?
- Programu ikifa kesho, nitafungulia wapi barua zangu?

Ukiwa na majibu, jina la programu hujitaja lenyewe, na wawili mnaokaa meza moja mnaweza kufikia majina tofauti bila yeyote kukosea.

Niliahidi kurudi kwenye sanduku la baba. Alipostaafu alirudisha ufunguo, akasaini daftari, akaja nyumbani na kikombe na saa ya ukutani. Barua zetu hazikujua kwamba amestaafu. Ziliendelea kwenda kule kule, za shangazi wa Tanga, ya shule iliyonikubali, na tulipomtuma mtu kuziulizia aliambiwa sanduku sasa lina mwenyewe mwingine.

Leo kila mwisho wa mwezi kuna mtu anayeacha kazi, na saa kumi na moja jioni akaunti yake ya ofisi inafungwa pamoja na miaka kumi ya barua. Zile za kazi ni za mwajiri, aziache. Lakini cheti cha mtoto alichotumiwa huko, mkataba wa kiwanja, barua ya mwisho ya rafiki, hizo zilikuwa zake, na alizilaza kwenye sanduku la watu. Kama leo una ufunguo wa kuazima, fungua sanduku lako mwenyewe wiki hii, na mtume tarishi azihamishe zilizo zako kabla hujaombwa kurudisha ufunguo.